Mbegu ya Supu

“Mazoea hayana pua.”

Mmelisikia neno hilo kwa mama yenu mlipokuwa mkibishana juu ya kibanda kipi kina chipsi tamu, na sasa mwanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelitunga. Sikulitunga mimi. Lilitoka mdomoni mwa mfiwa, hapa hapa Korogwe, na asili yake ni hii.

Palikuwa na mpika supu, Mzee Semkiwa. Alianza na hoteli moja ndogo pale stendi. Kila jioni alibakiza supu kidogo chunguni, akakiacha chungu juu ya makaa mpaka asubuhi, kisha akaongeza mifupa na maji. Mabaki hayo aliyaita mbegu. Watu walisema supu ile ina umri mkubwa kuliko watoto wao, na hawakutia chumvi sana. Biashara ikapanuka. Akafungua hoteli ya pili sokoni na ya tatu karibu na stesheni, na mbegu ikawa inapelekwa huko kwa ndoo za plastiki. Ndoo haina makaa. Supu ilipoa, ikalala, ikachacha, na wateja wakaupenda ule uchachu wakidhani ni ufundi.

Basi watu wakaanza kuhara na kutapika, mtaa kwa mtaa. Bwana afya akazifunga hoteli zote tatu. Semkiwa alitubu kwelikweli. Alimwaga mbegu, akatupa ndoo, na aliporuhusiwa kufungua akawa anapika supu mpya kila alfajiri.

Hapo ndipo wateja wake walipomponza. Aliyewaongoza ni Mzee Hizza, fundi cherehani, ambaye tangu ujana wake hakuwahi kunywa supu ya mtu mwingine. Hoteli zilipofungwa aliwasema vibaya hata waliougua, eti wana matumbo ya kitoto. Sasa akaonja kijiko kimoja, akasukuma bakuli.

“Semkiwa, haya maji ya kunawa umempikia nani?”

“Ndiyo supu salama, ndugu yangu. Bwana afya amesema...”

“Bwana afya hakukujenga. Tumekujenga sisi. Turudishie supu yetu, ama sivyo tunahama.”

Wenzake wakagonga meza. Semkiwa aliwaogopa kuliko alivyomwogopa bwana afya, na ndoo zikarudi kimyakimya, mbegu mpya ikawa inalazwa humo hata pale stendi.

Haikupita muda, Zahara, binti pekee wa Hizza, akaja kutoka Handeni alikoolewa. Baba akampeleka stendi kwa fahari. Binti akainamia bakuli, akasita.

“Baba, hii inanuka.”

“Hiyo ndiyo harufu yake, mwanangu. Umekaa ugenini, umesahau. Kunywa.”

Akanywa. Alilelewa vizuri, maskini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jioni tumbo likamshika. Mama yake, Bi Mwanaidi, akataka wampeleke hospitali upesi.

“Tukimpeleka watasema ni supu,” Hizza akakataa, “na watamfungia Semkiwa tena. Huu ni uchovu wa safari tu. Mpe chai ya tangawizi.”

“Baba Zahara, mtoto anakwisha!”

“Mimi sikunywa? Mbona mzima?”

Alipokubali, kulikuwa kumekucha, na Zahara hakuwa na nguvu hata ya kumshika mama yake shingoni. Alikata roho njiani.

Semkiwa alikuja msibani, akasimama mlangoni akilia. Vijana wakainuka wampige, Hizza akawazuia.

“Mwacheni. Yeye alikwisha kuimwaga. Mimi ndiye niliyemlazimisha airudishe.”

Jirani mmoja hakuweza kujizuia. “Lakini Mzee Hizza, binti alikwambia inanuka. Wewe hukusikia harufu?”

Hizza aliigusa pua yake kwa kidole.

“Pua ninayo,” akasema. “Ila siku ile nilikwenda na mazoea, na mazoea hayana pua.”

Mnadhani watu walikoma? Hata arobaini ya Zahara haijafika, wateja walikuwa wakipita mbele ya milango iliyofungwa tena pale stendi, wakiulizana Semkiwa atafungua lini. Niliwasikia kwa masikio yangu haya, na waliomzika binti yule walikuwamo. Mazoea hayana pua, wajukuu zangu.