Mwana wa Lubaba na Mwana wa Nuhu

Tumepokea kutoka kwa waliotutangulia kwamba siku ile waliokuwepo nyumbani kwa Bi Lubaba ni hawa: Bi Lubaba mwenyewe, mjane aliyekuwa akisokota sufu, Hunaida, binti yake mdogo, Sheikh Abu Nusairi, imamu wa mtaa, Abu Sakhri, muuza nafaka, na majirani wawili wa Kiyahudi, Hizqili mtia rangi nguo na mkewe Simha. Nuaimu, ambaye watu walikuwa wamekuja kumlilia, hakuwepo, wala maiti yake haikuwepo. Mto ulikuwa umemchukua.

Haya yalitokea zamani, katika mji mdogo ukingoni mwa mto Dijla, nchi ya Iraki. Mtaani mwao Waislamu na Mayahudi walikaa ukuta kwa ukuta, na moshi wa jiko la huyu uliingia dirishani kwa yule. Mwaka huo theluji ya milima ya kaskazini iliyeyuka kwa pamoja. Asubuhi moja tuta la mto likakatika, na maji yakaingia uchochoroni yakiwa na rangi ya udongo, yamebeba milango, kuku na vitanda vya watu.

Nuaimu alikuwa mwana pekee wa kiume wa Bi Lubaba. Ndevu zake ndiyo kwanza zilikuwa zinaota. Alikuwa akijifunza kazi kwa Hizqili, na mikono yake haikuwa ikitakata rangi ya buluu ya nili hata siku ya Idi. Asubuhi ile ile, kabla ya maji kuja, mama yake alikuwa amemgombeza. "Kwa Hizqili ndiko kwenu siku hizi," alimwambia. "Hapa unakuja kulala tu." Kijana aliinama, akavaa makubadhi yake, akatoka bila kujibu.

Maji yalipofika magotini, mvushaji wa mto alileta mashua yake uchochoroni akawapakia wanawake na watoto. Abu Sakhri naye aliingia, na gunia lake la ngano, akalikalia asije mtu akalitupa. Walipopita karibu na nyumba ya Hizqili, Bi Lubaba alimwona mwanawe amesimama juu ya ukuta wa ua. Akampigia kelele: "Mwanangu! Njoo upande nasi!"

Nuaimu aligeuka akamwona. Akainua mkono, akaonyesha darini kwa Hizqili, akasema kwa sauti: "Napanda juu kule, mama!" Kisha akawapa mgongo. Mvushaji hakuweza kungoja, kwa kuwa mkondo ulikuwa unamshinda. Mashua ilipokuwa inakata kona, walisikia ukuta ukianguka.

Kila aliyesoma Kitabu chetu anajua kwa nini watu wa mashua ile walitetemeka. Nabii Nuhu, amani iwe juu yake, naye alimwita mwanawe apande pamoja naye. Mwana akajibu kwamba atakimbilia mlima umkinge na maji. Wimbi likapita kati yao, naye akawa miongoni mwa waliozama.

Abu Sakhri ndiye aliyelisema kwa mdomo, hata kabla mashua haijagusa nchi kavu. "Mwana wa Nuhu huyu," alisema. "Kaitwa na mzazi wake, kajibu atapanda juu." Huenda hakukusudia ubaya. Yako maneno yanayotoka mdomoni kama makapi yanavyotoka kwenye ungo. Lakini kufikia magharibi mtaa mzima ulikuwa unamwita Nuaimu mwana wa Nuhu, na wengine walikuwa hawalitaji tena jina lake.

Katika mji ule kulikuwa na desturi. Mtu akifa katika uasi ulio wazi, hasa wa kuwaasi wazazi, imamu hamswalii. Watu wachache humswalia nyuma ya mtu mwingine, ili walio hai waogope. Kwa hiyo Bi Lubaba, juu ya msiba wake, alikuwa na hofu nyingine: mwanawe hana kaburi, na sasa huenda hata swala ya imamu hatapata. Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Alikumbuka ugomvi wa asubuhi. Alikumbuka ule mgongo.

Siku ya mwisho ya matanga Sheikh Abu Nusairi alikuja kumpa mkono wa pole. Sakafu ya nyumba ilikuwa bado na tope, na mkeka mkavu ulikuwa mmoja tu. Sheikh aliona Hunaida amelala kwenye kona ya mkeka huo, akavuta kanzu yake akakaa kwenye tope, kana kwamba hapo ndipo mahali pake pa siku zote. Abu Sakhri alikuja nyuma yake akabaki wima.

Hizqili alikuwa ameketi kizingitini. Siku zote za matanga alikuja asubuhi akaketi pale pale, kichwa chini, mpaka alasiri, bila kusema neno. Watu walimsifu kwa hilo. Walijua kwamba katika desturi ya Mayahudi mfariji hafungui mdomo mbele ya mfiwa mpaka mfiwa aanze yeye kusema. Siku hiyo mkewe Simha alikuwa amekuja na bakuli la adesi na mayai ya kuchemsha, kwa kuwa kwao mfiwa halishwi chakula cha jiko lake mwenyewe. Alikuwa ameketi karibu na Bi Lubaba akimenya mayai moja moja na kuyapanga ukingoni mwa bakuli, ili mwenye msiba asipate hata kazi ya kuvunja ganda. Bi Lubaba hakuyagusa.

Abu Sakhri ndiye aliyeanza. "Sheikh, watu wanauliza. Adhuhuri ya leo utamswalia, au tutafute mtu mwingine?"

Bi Lubaba aliinua uso, akamtazama Hizqili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsemesha tangu msiba.

"Hizqili. Katika kitabu chenu, mwana wa Nuhu alizama?"

Hizqili alishtuka. "Katika Taurati yetu, Bi Lubaba, Nuhu aliingia safinani na mkewe, na wanawe, na wake za wanawe. Samu, na Hamu, na Yafithi. Hakutajwa mwana aliyebaki nje."

"Wote waliingia?"

"Wote."

"Na mama yao alikuwa nao ndani?"

"Alikuwa nao."

Bi Lubaba akashika kifua chake. "Basi mimi nitakishika hicho," alisema. "Nitakishika hicho mpaka nife."

"Astaghfirullah!" Abu Sakhri alipiga viganja. "Mama we! Unaiacha Kurani kwa bakuli la adesi?"

"Abu Sakhri," sheikh alisema taratibu, "katika mashua ulikalia gunia. Tafadhali usije ukaikalia na rehema ya Mwenyezi Mungu."

Kisha akamgeukia mama. Alikuwa mzee mpole na angeweza kumwacha afarijike na neno la jirani. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa mtu wa kweli, na aliogopa kumpa mfiwa faraja itakayovunjika kesho.

"Binti yangu," alisema, "sitakudanganya ili uache kulia. Hao watatu aliowataja jirani yetu, hata wanavyuoni wetu husimulia kwamba waliokoka. Lakini Kitabu chetu kimemtaja mwana mwingine, aliyeitwa akakataa, naye alizama. Sisi tunaliamini hilo, na siwezi kulifuta kwa ajili yako wala kwa ajili yangu. Mimi pia nilizika watoto."

Bi Lubaba akainamisha kichwa mpaka kikagusa magoti.

"Lakini sikiliza na yaliyobaki," sheikh aliendelea. "Katika kitabu cha wenzetu Nuhu anaingia safinani kimya. Katika chetu anamlilia Mola wake: Mwanangu ni katika watu wangu. Na akajibiwa asiombe jambo asilolijua. Nabii, binti yangu! Aliambiwa asiseme asilolijua kuhusu mtoto wake wa kumzaa. Hali ya mwanawe aliijua kwa kuwa aliteremshiwa wahyi. Sasa nani katika mtaa huu ameteremshiwa wahyi juu ya Nuaimu?"

Abu Sakhri alisafisha koo. "Sisi tuliona kwa macho, sheikh."

"Mliona nini?"

"Tulimwona anatupa mgongo."

"Na baada ya mgongo?"

"Tulikata kona."

"Basi mliona mgongo," sheikh alisema. "Mimi sikuona hata huo. Kama yuko anayejua zaidi, amwogope Mungu, aseme."

Simha aliacha kumenya. Yai lilibaki mkononi mwake nusu lina ganda. Hakumtazama mumewe. Alitazama tu lile yai.

Hizqili akasema, kwa sauti ambayo walihitaji kuinama ili waisikie: "Mimi najua."

Akaeleza. Maji yalipoingia aliwachukua Simha na watoto akawapeleka kwenye kilima, na mama yake, Bibi Rahili, ambaye miguu yake ilikwisha kupooza, akamwacha chumba cha juu akisema atamrudia. Hakuwahi. Aliporudi na chelezo, nusu ya nyumba ilikuwa imeanguka, na mama yake alikuwa ameketi kwenye pembe ya dari iliyobaki, amefunikwa joho la Nuaimu.

"Mama mwenyewe amenisimulia. Nuaimu alimbeba yeye," Hizqili alisema. "Alimsikia akilia ndani. Alimpandisha mgongoni mpaka darini. Kisha akashuka kuchukua ubao wa mlango uliokuwa unaelea, ili amkalishe juu yake. Hapo ukuta ukaanguka."

Hunaida aligeuka usingizini.

"Alinisikia?" Bi Lubaba aliuliza. "Nilipomwita, alinisikia?"

"Alikusikia. Alikuwa ameisikia sauti ya mama yangu kwanza, akapanda ukutani atafute njia ya kuingia, ndipo ukamwita. Alipofika kwa mama alimwambia, 'Mama yangu ananiita, lakini wewe huwezi kushuka peke yako.'"

Bi Lubaba alitoa sauti ambayo mimi sitaieleza. Aliyewahi kumwita mtoto na asije, anaijua.

Kisha akasema: "Siku zote hizi, Hizqili. Umekaa mlangoni mwangu. Unasikia wanavyomwita. Ukanyamaza."

"Nilijiambia kwamba desturi inaninyamazisha mpaka wewe useme kwanza," Hizqili alisema. "Ilikuwa ni hofu. Niliogopa watu waseme kijana wa Kiislamu amekufa kwa ajili ya kikongwe wa Kiyahudi. Na niliona haya, kwa kuwa yule aliyepaswa kumbeba mama yangu ni mimi."

"Toka," Bi Lubaba alisema. "Leo siwezi kukutazama. Simha abaki."

Hizqili alisimama. Alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti Bi Lubaba alipomwita tena.

"Mama yako nani anamlisha?"

"Simha humpelekea. Hakubali kula. Anasema hana haki ya chakula."

Bi Lubaba alitazama bakuli. Simha alitaka kumsaidia, naye akamzuia. Alichota adesi nusu akatia katika kibakuli chake mwenyewe, akaweka na mayai mawili, akampa Hizqili mkononi.

"Mpelekee. Mwambie, mama yake Nuaimu amesema ale. Mwambie mwanangu hakumpandisha kule ili aje afe kwa njaa." Kisha akachukua tonge la adesi iliyobaki akalitia kinywani, la kwanza tangu msiba, akalitafuna huku analia. Simha akampa lile yai, akiwa amekwisha kulimenya.

Adhuhuri Sheikh Abu Nusairi alisimama mbele akamswalia Nuaimu, swala ya maiti asiyekuwepo, na msikiti ukajaa hadi uani. Abu Sakhri alisimama safu ya mwisho kabisa, ingawa mbele yake palikuwa na nafasi. Hizqili na wanaume wachache wa kwao walisimama ng'ambo ya njia, nje, mpaka watu walipotoa salamu.

Ndugu zangu katika imani, Kitabu chetu tunakishika kama kilivyo, penye faraja na penye uchungu, wala hatuhitaji kukipunguza ili tupate usingizi. Na wenzetu wana chao wanachokishika. Lakini kisa cha Nabii hatukupewa ili tuwapimie watoto wa jirani zetu. Tunachokiona cha watu mara nyingi ni mgongo tu, na mashua yetu huwa imekwisha kukata kona. Anayejua jema la marehemu na akalinyamazia, basi amemzika mara ya pili. Mwenyezi Mungu awape subira akina mama wote walioita wasiitikiwe.

Bibi Rahili aliishi miaka minne zaidi. Maiti ya Nuaimu haikupatikana.