Bibi Lubaba na Hati ya Majina Mawili

Inasimuliwa kwamba siku ya Jumatano, tarehe tisa ya mwezi wa Rajabu, mara tu baada ya sala ya Alasiri (wapo wapokezi wanaosema ni kabla yake, lakini kauli ya kwanza ndiyo yenye nguvu), waziri wa liwali alibisha hodi kwa Bibi Lubaba binti Sahli, Mwenyezi Mungu amrehemu. Bibi huyu mcha Mungu ndiye aliyekabidhiwa kuchunguza dhuluma katika mali ya umma na kuwashitaki wahusika mbele ya kadhi.

Wakati huo alikuwa amekamilisha uchunguzi wa mfereji wa wakfu. Wanaume wawili walikuwa wameyageuza maji yake yamwagilie bustani zao, na mashamba ya mayatima yakakauka. Wa kwanza ni Hudhafa, aliyekuwa akishindana na liwali katika uchaguzi wa uliwali uliokuwa ufanyike Ijumaa ile. Wa pili ni Utba, shemeji yake liwali. Hati ya mashitaka ilikuwa isomwe barazani Alhamisi asubuhi.

"Bibi yangu," alisema waziri baada ya salamu, "hatukuombi useme uongo. Soma jina la Hudhafa, kisha keti."

Alijua alisemalo. Desturi ya mji ule ilikuwa hati isomwe kwa kusimama. Msomaji akiketi, usomaji umekwisha, na lililobaki halisomwi mpaka baraza la mwezi unaofuata.

"Niketi kwa udhuru gani?"

"Mji mzima unajua habari za magoti yako. Nani atakulaumu?"

Bibi Lubaba akacheka. "Subhanallah! Miaka sita yananiuma, na leo ndiyo mara ya kwanza liwali kuyaletea waziri."

Waziri hakucheka. "Ukilisoma jina la pili, umeuzuliwa. Na nyumba hii ni ya cheo chako."

"Nimesikia, mwanangu. Nenda salama."

Alipoondoka, Umaima, mdogo wake aliyeishi naye, alitoka nyuma ya pazia. "Dada, Hudhafa si mwizi kweli? La Utba litasomwa mwezi ujao. Haki itachelewa tu, haitapotea."

Maneno haya yalimwingia Bibi Lubaba kuliko kitisho cha waziri, kwani hayakuwa na uongo ndani yake.

"Umaima," akasema, "Ijumaa watu watachagua kwa nusu waliyoisikia. Ile nusu nyingine nitaulizwa mimi."

"Basi nifunge vyombo?"

"Anza na masufuria. Na usiyagonganishe, majirani watadhani tuna harusi."

Ndugu zangu katika imani, tumezoea kuuogopa uongo unaotamkwa. Tuuogope pia ukweli unaokatishwa mahali panapotufaa, kwa maana mwenye kuukatisha hujiona mkweli, na wala hakumbuki kutubu.

Asubuhi yake Bibi Lubaba alisimama barazani, akaisoma hati. Baada ya jina la Hudhafa magoti yalimtetemeka, na mtu mmoja wa liwali akamsogezea kiti kwa haraka. Alimshukuru, akakiegemea kwa mkono mmoja, akasoma jina la Utba, na la baba yake, na la mtaa wake, wala hakuruka neno. Alipomaliza alimkabidhi kadhi hati pamoja na ufunguo wa nyumba, akaomba maji ya kunywa.