Akida Shekue na Milango Iliyotembea

Alikuwako Sultani Jabali wa mji wa Kahramani, aliyetawala mpaka nchi yake ikamwia finyu, na akaamuru watu wavuke jangwa wakajenge mji mpya uitwao Fathilia, na juu yao akamweka Liwali Himidi, mtu wa kilemba kikubwa na subira ndogo, na Akida Shekue akawa mkuu wa askari. Akida huyo alikuwa hodari, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe.

Udongo wa kuta haujakauka, milango ikaanza kutoweka, na majirani wakakabana makoo. Liwali akaamuru akamatwe Zahrani mhunzi, kwa kuwa misumari ya milango ilitoka kwake, na akaapa kumnyonga Ijumaa baada ya sala.

Ghanima, bintiye mhunzi, akamwendea Akida. "Bwana Akida, baba anakula kwa sifa ya misumari yake. Aibe milango, nani atainunua tena? Umemfunga mtu, lakini mwizi hujamkamata."

Akida akaona haya. Akaketi akiulinda mlango wake mwenyewe, na jua lilipofika utosini, mlango ukajing'oa ukashika njia, naye akaufuata hadi kilimani, ambako jini mwenye ndevu za moshi alikuwa ameipanga milango yote.

"Kwa amri ya Sultani, irudishe," akasema Akida.

"Sultani wako simjui," akajibu jini. "Nyinyi mwabisha hodi hata kwa jirani wa kuombana chumvi, lakini nchini kwangu mmeingia na mashoka, kimya. Watu wasiobisha hodi wana haja gani na milango?"

Akida akarudi mjini, akamfungua mhunzi bila kuomba ruhusa, akawatoa watu wote hadi mpakani, na wakaita kwa sauti moja, "Hodi, mwenye nchi." Ghanima akaushika mkono wa baba yake kwa hofu. Kisha kilima kikajibu, "Karibuni," na milango ikateremka, kila mmoja ukaenda kwake.

Liwali peke yake hakutoka. "Nibishe hodi mjini kwangu?" akasema, na nyumba yake ikabaki wazi, mbuzi wakilala sebuleni, mpaka Sultani akamwondoa na kumpa Akida uliwali. Jini naye akakubali kulinda mpaka, na Akida alipomposa Ghanima, jini akaitoa dhahabu iliyofukiwa kilimani kwake iwe tunu kwao siku ya harusi. Siku hiyo bwana harusi alibisha kwa mhunzi, na mhunzi akamwacha asimame juani kitambo kabla ya kumkaribisha, na Akida akasimama.

Hekaya yangu imefika kwake: upanga huufungua mlango, bali neno la karibu hutoka kwa mwenyeji.