Jogoo Asivuke Kijito

Zamani sheria zilikuwa zikifa. Wakati huo hazikuandikwa. Katika bonde la Ikongwe kila sheria ilikuwa fundo kwenye kamba ya gome, na kamba hiyo ilining'inia katika nyumba ya baraza. Sababu ya sheria ilipokwisha, fundo lilijifungua lenyewe. Asubuhi mtunza kamba alikuta mahali pale pamenyooka, akatangaza, "Imelala," na watu wakaenda zao shambani.

Mwaka mmoja ukungu ulishuka bondeni, ukakaa miezi saba. Watu walitembea wameshikana nguo. Aliyepotea alisimama kimya, akasubiri jogoo awike, kisha akaifuata sauti hadi nyumbani. Siku moja mtu aliyekuwa akihama alivuka kijito na jogoo wake, akapumzika ng'ambo, kwenye majabali. Jogoo akawika huko. Kigono, aliyekuwa akirudi kutoka kukata kuni, aliisikia sauti ile akaifuata. Hakuonekana tena.

Kesho yake mtunza kamba, Mzee Mrindoko, alifunga fundo jipya: jogoo asivuke kijito.

Ukungu ulipoondoka, watu walitafuta majabalini siku tisa. Hawakupata hata shoka. Fundo likaanza kulegea. Namsemba, mke wa Kigono, alilisikia akiwa shambani, kama mtu anavyousikia mlango wake ukifunguliwa. Alikimbia hadi barazani, akalishika kwa mikono miwili.

"Liache, mwanangu," Mrindoko alimwambia. "Ukungu umekwisha."

"Likifunguka, baba, mtakuwa mmesema hakuna tena mtu ndani yake."

"Na watu wapelekeje jogoo wao sokoni?"

"Wawapeleke tu. Sijaomba mtu akamatwe. Naomba lisifunguke."

Mrindoko aliweka mikono yake juu ya mikono ya Namsemba, wakalikaza pamoja.

Baada ya hapo jogoo walivuka wamefichwa vikapuni. Mrindoko alikuwa akiketi kando ya kijito siku za soko.

"Mama, mbona kikapu chako kinawika?"

"Ni tumbo langu, mzee. Sijala tangu jana."

Naye aligeuza uso, akatazama milima.

Namsemba alizeeka akisubiri. Kila asubuhi alipita barazani, akaligusa fundo, akaenda kuchota maji. Alipozikwa, watu walikwenda kuliona likifunguka. Halikufunguka. Wakatazama mafundo mengine yaliyokuwa jirani nalo miaka yote ile: la fisi waliokwisha kutoweka, la ngoma ya mtawala aliyesahauliwa. Nayo yalikuwa yamekaza. Yalikuwa yamejifunza kusubiri.

Na tangu siku hiyo sheria haifi sababu yake inapokufa. Kamba ilipokuja kunakiliwa kitabuni, makarani waliandika kila fundo walilolikuta. Leo jogoo wanavuka kijito juu ya pikipiki, miguu imefungwa, vichwa chini, na askari wa zamu huwapisha. Mara kwa mara karani mgeni huifikia sheria ile kitabuni, akacheka, akashauri ifutwe. Wazee wa Ikongwe hawabishani naye. Humkaribisha kiti, humpa uji, kisha humuuliza:

"Na majabalini, mwanetu, umeshakwenda kutazama?"