Chai ya Bwana Mbaruku

Sogeeni, wajukuu zangu. Anayetafuna amalize, kisha kimya.

Bi Siwatu aliegesha magari ya wageni kwenye hoteli moja Tanga, na riziki yake ilikuwa bakshishi. Bwana Mbaruku, tajiri wa mkonge, alikuwa na gari jeupe alilolionea wivu kuliko mke. Siku alipoombwa chai, alimletea Siwatu kikombe cha chai ya rangi, akaenda zake akicheka.

Jumamosi alirudi kumchukua binti yake, bibi harusi. Akamrushia Siwatu ufunguo.

"Ulitunze gari!"

"Kama nini, Bwana? Sema kwa nguvu, masikio yangu mazito."

"Kama mboni ya jicho lako!" alifoka, baraza zima likasikia.

Bibi harusi aliposhuka kwa vigelegele, Mbaruku alinyoosha mkono. "Ufunguo!"

Siwatu alijifunika jicho. "Toba! Mboni ya jicho langu niitoe, Bwana? Kwa kikombe cha chai?"

Wageni waliangua kicheko. "Baba, mpe mama wa watu haki yake," bibi harusi alisema, "tunachelewa!"

Mbaruku akatoa noti nyekundu, ndipo akapewa ufunguo.

Siwatu alipofariki, binti yake alirithi kazi. Watoto wa Mbaruku walirithi gari, na kila walipoliegesha walitoa bakshishi kabla ya kufungua mdomo.