Makochi Yaliyovikwa Nailoni

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Maana ya methali hii si ngumu: nyumba haisifiwi kwa kile kinachoonekana kutoka barabarani, bali kwa raha ya wanaoishi ndani yake. Wengi wetu tunaielewa vizuri sana tunapotazama nyumba za wenzetu. Tukifika kwetu, tunasahau.

Katika mtaa mmoja wa nyumba zilizobanana aliishi fundi wa makochi ambaye watu walimwita Sponji. Jina hilo lilitokana na kazi yake, naye hakulichukia, maana kazi ile ilikuwa imemtoa mbali. Alizaliwa katika chumba kimoja, akakua akikalia ndoo iliyopinduliwa, kwani viti viwili vilivyokuwamo vilikuwa vya wageni. Mama yake alifua nguo za watu mpaka vidole vikasinyaa, akamsomesha, kisha akamtafutia mahali pa kujifunza ufundi. Sponji aliapa kwamba siku moja mama yake atakaa pazuri.

Penye nia pana njia. Alijenga nyumba, kisha akatengeneza seti ya makochi ambayo hata wateja wake matajiri hawakuwahi kuipata: mbao ngumu, sponji nene, kitambaa cha rangi ya maziwa. Akaiweka sebuleni pamoja na zulia na meza ya kioo. Kwa kuogopa vumbi, akayavika makochi nailoni. Kisha, kwa kuogopa nailoni isije ikachanika, akapiga marufuku mtu yeyote kuyakalia. Mkewe na binti zake wawili walikula jikoni, na yeye mwenyewe alikula jikoni. Wapita njia walipochungulia dirishani na kusema, "Jamani, Sponji ameula!" kichwa kilimvimba kwa furaha.

Ndipo akamleta mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi. Mama alionyeshwa sebule, akaigusa nailoni kwa ncha ya kidole.

"Pazuri, mwanangu," alisema. "Na watu wanakaa wapi?"

Sponji alicheka kwa kudhani anataniwa. Lakini haukuwa utani. Kila siku baada ya chakula cha mchana Bibi alijikongoja hadi kwenye kibanda cha mshona viatu, jirani yao wa upande wa pili wa ukuta, akakaa kwenye benchi lililoegemezwa kwa tofali. Hapo walikuwapo mshona viatu, mkewe, na yeyote aliyeleta kiatu kilichoachama. Kicheko cha Bibi kiliruka ukuta kikamfikia mwanawe. Sponji hakuwa amekisikia kicheko kile ndani ya nyumba yake hata mara moja, na jambo hilo lilimkera na kumhuzunisha pia.

"Mama, watu watasema nimekunyima kiti," alimwambia.

"Viti hujaninyima, baba. Umeninyima kukaa." Bibi alimshika mkono. "Jumamosi nitarudi kwa dada yako. Kwake pamebanana, lakini tunabanana pamoja. Usinune, sijakasirika."

Sponji alinuna. Moyo ulimuuma kweli, kwa kuwa alimpenda mama yake kuliko alivyojua kusema.

"Si umwambie tu akae sebuleni?" mkewe alimuuliza.

"Na chai itakayomwagika? Na mafuta ya kichwani? Nitamshonea mto mpya, wa hariri. Akiuona hataondoka."

Ijumaa ilinyesha mvua, na uchochoro ukawa matope matupu. Bibi alipoinuka kutoka kwenye benchi aliteleza, kifundo cha mguu kikateguka. Mshona viatu na mkewe walimbeba mzegamzega mpaka kwa mwanawe, wakausukuma mlango wa mbele kwa bega. Wakati huo Sponji alikuwa amepiga magoti sebuleni, akipima mahali pa kuuweka ule mto. Alisikia vishindo, akaona matope yakitua kwenye zulia, na kabla ya kuinua uso akapaza sauti:

"Vueni viatu!"

Mshona viatu na mkewe walisimama pale pale. Bibi, jasho likimtiririka, alisema bila hasira hata chembe:

"Mwanangu, mguu umevimba. Kiatu hakitoki."

Sponji aliinua uso, akaona aliyebebwa ni nani. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Alidaka mkasi wake, akaichana ile nailoni kutoka mkono mmoja wa kochi hadi wa pili.

"Mlazeni hapa! Ingieni, jamani, ingieni na viatu vyenu! Mama, nisamehe. Nisamehe, mama yangu."

"Nitakusamehe mguu ukishapoa," alijibu Bibi. "Nipe kwanza huo mto."

Mshona viatu aliinama, akafumua kiatu uzi mmoja baada ya mwingine. "Samahani, Bibi, nabomoa kazi yangu mwenyewe."

"Bomoa tu. Safari hii ukishone vizuri."

Wote waliangua kicheko, Sponji naye akacheka huku machozi yakimtoka.

Muuguzi aliyeitwa alisema mfupa haukuvunjika, ila Bibi asikanyagie mguu ule kwa muda. Basi akalazwa sebuleni, na majirani wakaja kumpa pole. Kila aliyekuja alikaa, na aliyekaa alipewa chai. Chai ilimwagika siku ya kwanza tu, ikaacha duara la kahawia kwenye kitambaa cha rangi ya maziwa. Binti za Sponji walihamishia vitabu vyao pale, mkewe akahamishia chakula. Sponji aliporudi kutoka kazini alikosa nafasi, akawa anakaa kwenye zulia miguuni pa mama yake, akisikiliza hadithi ambazo hakujua kuwa mama yake anazo.

Jumamosi ile ilipita, nyingine nazo zikapita, mguu ukapona. Jioni moja Sponji alikusanya ujasiri.

"Mama, sasa unatembea. Utaondoka?"

Bibi alitazama chumba. Wajukuu walikuwa wakigombania kalamu, na mshona viatu amesinzia mdomo wazi kwenye kochi kubwa.

"Niende wapi, na watu wote wako hapa?" alisema. "Wee mshona viatu, sogea huko, mwanangu akae."

Sponji akakaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyakalia makochi yake mwenyewe.

"Asante, Mama," alisema.

"Asante ya nini?"

"Ya kuteleza."

Bibi alicheka kicheko chake kile kile, safari hii akiwa ubavuni mwa mwanawe. Nyumba ile Sponji alikuwa ameijenga zamani, lakini ndiyo kwanza alikuwa ameingia. Hakika, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.