Siku Kifaru Alipoipa Miche Jina Lake

"Kumwagilia hakumo kwenye mkataba," Kifaru alisema.

"Basi mkataba wako ni wa siku moja," Pimbi akamjibu. "Mwaka jana mlipanda, mkapigwa picha, mkaondoka. Wiki ya tatu hapakuwa na jani."

Wadogo zangu, hayo yalisemwa zamani, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na kupigiana hodi. Kifaru na Nyati walikuwa na kampuni ya kuchoma matofali, na kuni zao walizikata pale pale kwenye chemchemi. Mlinzi wa chemchemi alikuwa Pimbi, mjane mdogo asiyeweza kutulia hata akipewa kigoda. Maji yalikuwa yamebaki ya kujaza kata tu. Yakikauka, yeye na wanawe watano wangehama, wala hapakuwa na pa kuhamia.

Majirani walipoanza kunung'unika, kampuni ilimletea Pimbi ubia. Kampuni ingetoa miche mia tatu ya mikuyu, pamoja na kibao kikubwa chenye jina la Kifaru. Kumwagilia kungekuwa kazi ya Pimbi, ambaye kibuyu chake kilikuwa kama yai la kuku.

"Shukuru kwa unachopewa, mama," Nyati alimwambia. "Wenzako hata mche mmoja hawana."

Siku mbili Pimbi aliizunguka chemchemi, akapanda jiwe, akashuka, akapanda tena. Siku ya tatu akapiga hodi kwa Kifaru na uso laini. Akaomba radhi kwa kukosa adabu. Akasema pia kwamba kibao kimoja hakimtoshi mtu mwenye mwili ule. Heri kila mche upewe jina la Kifaru, na alitaje mwenyewe mbele ya watu.

Kifaru alipendezwa mpaka masikio yakasimama. Nyati akauliza kama nusu ya miche haiwezi kuitwa Nyati.

Siku ya kupanda, ngoma ilidunda, ti-tii, ti-tii. Kifaru alipita mstari kwa mstari upande wake, na Nyati upande wake.

"Huyu nampa jina langu. Na huyu. Na huyu."

Kufika wa mia sauti ilikuwa imemkauka, lakini hakukubali kusaidiwa. Wanawake walipiga vigelegele. Pimbi alirukaruka nyuma yao, akihesabu.

Asubuhi yake, ngo, ngo, ngo. Kifaru alipofungua, alimkuta Bi Kobe, mkunga wa kijiji, na nyuma yake wanawake wote wamebeba mitungi mitupu.

"Tumekuletea mitungi, baba. Watoto hawajaoga."

"Watoto gani?"

"Mia na hamsini wako, mia na hamsini wa Nyati."

Kwa wanyama wale, aliyempa mtoto jina lake humchotea maji kila asubuhi mpaka mtoto atembee. Anayemkataa somo wake hali chakula na watu, wala hakuna anayenunua kitu mkononi mwake, hata tofali.

Kifaru alifoka kwamba ile ni miti. Bi Kobe akamwuliza taratibu kama jana, alipokuwa akiipa jina, hakuyaona majani. Nyati, aliyezifuata kelele, alikuwa ameshaelewa. Aliinama akachukua mtungi.

Wakabeba. Mto ulikuwa mbali, nao walikwenda na kurudi mpaka jua la utosi. Walipofika kwenye tanuri, mikono haikuweza kuinua shoka. Tanuri likapoa. Mikuyu ikachipua, ikarefuka, ikatandaza kivuli, na wanawe Pimbi wakaanza kuyasikia maji yakibubujika tena chini ya mawe.

Anayepanda jina lake hana budi kulinywesha.

Mwaka wa pili Kifaru alisimama mlangoni kwa Pimbi, mtungi begani. Kwa sauti ya chini akauliza: miti imeshampita kimo, sasa itatembea lini?

Pimbi alikuwa njiani kutoka. Akampita chini ya tumbo, akageukia kizingitini.

"Wewe chota tu, baba. Siku miti itakapokuja kwako kukuamkia, utapumzika."